Mifupa baada ya saratani ya titi: maswali tunayoulizana kila mara hapa Tanga

Nilimaliza dripu za dawa za saratani, nikamaliza mionzi, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5, nikarudi nyumbani Ngamiani nikijiona nimevuka. Mwaka wa tatu wa vidonge, asubuhi moja niliteleza uani na ndoo nusu ya maji mkononi. Sikuanguka kwa kishindo. Nilikaa tu chini, mkono wa kushoto ukatangulia, nikasikia kitu kimelia kama kijiti cha mbaazi. Nilipokwisha kufungwa hogo, daktari kijana akaniuliza, "Mama, mifupa yako imewahi kupimwa?" Haikuwahi. Kule nilikokuwa nahudhuria kliniki hakuna aliyenitajia mifupa hata siku moja, na mimi sikujua kama ni jambo la kuuliza.

Tangu siku hiyo nauliza, na akina mama wenzangu waliopita njia hii wananiuliza mimi. Mimi ni mgonjwa mwenzenu, si daktari. Dozi yako anaijua aliyekuandikia. Lakini haya hapa chini kila mmoja wetu anapaswa kuyajua kabla hajavunjika, si baada.

Saratani ilikuwa kwenye titi. Mifupa inaingiaje hapo?

Mfupa si jiwe. Uko hai, na kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo ataelewa upesi: kuna anayebandua udongo mkongwe na kuna anayekandika mpya, na maadamu wanakwenda sambamba, ukuta unasimama. Homoni ya estrojeni ndiyo inayomzuia mbanduaji asizidishe. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni hushuka, mbanduaji humzidi mkandikaji, na ukuta huanza kuwa mwembamba mwaka hadi mwaka. Hilo humpata kila mwanamke, awe ameugua au hajaugua.

Sisi hutufika mapema na kwa kasi, kwa sababu tiba yenyewe inakusudia kuiondoa hiyo estrojeni. Saratani nyingi za titi hulishwa nayo, hivyo madaktari huikatia saratani chakula. Dripu zinaweza kuzima ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, za mwanamke wa miaka 38, hedhi ikakatika kabla ya wakati wake. Wengine huchomwa sindano ya goserelini ili ovari zilale, au hufanyiwa upasuaji zikatolewa. Waliokwisha kukoma hedhi hupewa anastrozoli, letrozoli au eksemestani, dawa zinazozuia hata ile estrojeni kidogo inayotengenezwa kwenye mafuta ya mwili. Nchini Austria walifuatiliwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, wakitumia goserelini pamoja na vidonge vya homoni. Wale ambao hawakupewa dawa ya kulinda mifupa walipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mifupa ya mgongo ndani ya miaka 3.

Mfupa ukifika hapo huitwa una osteoporosisi: kwa nje ni ule ule, ndani umekuwa matundu matundu kama sega la nyuki.

Mimi natumia tamoksifeni. Nami nimo?

Inategemea hedhi yako. Kwa aliyekwisha kukoma hedhi, tamoksifeni humlinda kidogo, maana kwenye mfupa hutenda kazi kama estrojeni. Kwa ambaye bado anapata hedhi inaweza kumpunguzia mfupa kiasi. Na wengi huanza na tamoksifeni kisha wakabadilishiwa, kwa hiyo soma jina kwenye pakiti kila unapochukua dawa.

Basi si bora niache hivyo vidonge?

Dada, nakuomba usiviache. Nimemwona mtu akiviacha kimya kimya kwa ajili ya maumivu ya viungo, kliniki akiwaambia manesi kwamba anameza.

Hizi hapa hesabu zenyewe. Kwenye utafiti mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2005, kati ya wanawake waliotumia anastrozoli, 11 katika kila 100 walivunjika mfupa wakati wa tiba. Waliotumia tamoksifeni walikuwa karibu 8. Kwa hiyo hatari imeongezeka, ni kweli. Lakini dawa hiyo hiyo ndiyo iliyozuia vizuri zaidi saratani isirudi. Mfupa una dawa yake na una kinga yake. Saratani ikirudi, hasa ikirudia mifupani kwenyewe, mambo huwa mazito kuliko hogo la wiki 6. Kama vidonge vinakutesa, mwambie daktari hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Anaweza kukuhamishia kwenye kingine cha aina ile ile, na kuna wanaopata nafuu.

Hii ndiyo wanayoita mifupa kusagika?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Kusagika ni kwa maungio: goti linauma, linalia, watu wanasema ute umekauka. Mfupa kuwa mwembamba hauumi kabisa mpaka siku unapovunjika. Halafu kuna jambo la tatu, maumivu ya viungo yanayoletwa na anastrozoli na wenzake: unaamka asubuhi vidole vimekakamaa, huwezi kufunga kifungo cha nguo, ukitembeatembea yanapungua. Hayo yanaudhi sana, lakini hayana maana kwamba mifupa imeisha, na kutoyasikia pia hakuna maana kwamba mifupa yako ni salama.

Sasa kama hauumi, nitajuaje?

Kwa kupimwa, nitalieleza hilo hapo chini. Lakini kuna kipimo cha nyumbani kisichogharimu kitu, nacho ni urefu wako. Simama bila viatu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, mtu akuwekee ubao bapa utosini kisha aweke alama. Fanya hivyo kila baada ya miezi 6, asubuhi. Pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea moja moja bila hata kuanguka, na mtu akajikuta amefupika, kanga inaburuta mbele, mgongo unaanza kupinda. Ukiwa umepungua sentimita 4 kutoka urefu wako wa ujanani, usingoje kliniki ijayo. Alama zangu ziko kwenye fremu ya mlango wa jikoni, na wajukuu wameweka zao pembeni.

Aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka tu kutoka usawa wa kusimama, hasa kifundo cha mkono, ajihesabu amekwisha kupata onyo.

Kipimo chenyewe kikoje, na nakipata wapi?

Kinaitwa DEXA. Unalala kitandani na nguo zako, mashine inapita juu yako dakika chache, haichomi wala haikufungii ndani. Mionzi yake ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua. Jibu huja kwa namba inayolinganisha mfupa wako na wa mwanamke kijana mwenye afya. Kuanzia kasoro 1 (huandikwa -1) kwenda juu ni sawa. Kati ya kasoro 1 na kasoro 2.5 mfupa umepungua, kasoro 2.5 na chini ya hapo ndiyo osteoporosisi, kwa mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Wakati mzuri wa kupima ni pale unapoanza vidonge, kisha baada ya mwaka 1 au 2, ili kuwe na cha kulinganisha.

Usikubali eksirei ya kawaida iwe mbadala. Eksirei inaonyesha mfupa uliovunjika, ila upungufu hauonekani mpaka karibu asilimia 30 ya mfupa iwe imekwenda.

Mashine hii haipo kila hospitali. Anza na daktari wako hapo hospitali ya Bombo, au kliniki yako kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road kama bado unafuatiliwa Dar es Salaam, na umwombe akuandikie rufaa ya kipimo. Safari ya Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na nauli unaijua, kwa hiyo omba kipimo kipangwe siku moja na kliniki. Ikishindikana kabisa, bado daktari anaweza kupima hatari yako kwa maswali: umri, wembamba wa mwili, kuvunjika huko nyuma, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, dawa za steroidi ulizotumia muda mrefu.

Mgongo unaniuma. Saratani imerudi?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni, mtu akiwa anaaga.

Mara nyingi siyo. Mgongo huuma kwa kuinama, kwa godoro bovu, kwa ndoo. Pingili iliyobonyea kwa mfupa mwembamba huuma ghafla, mahali pamoja, pengine baada ya kunyanyua kitu kidogo tu au kupiga chafya, ukisimama inazidi, ukilala inatulia kidogo. Lakini saratani ya titi inapohama, mifupa ni mahali inapopenda kwenda, na hakuna mtu awezaye kuzitofautisha hizo mbili kwa kukutazama. Kwa hiyo sisi kanuni yetu ni nyepesi: maumivu mapya ya mfupa yasiyokwisha kwa wiki 2, au yanayokuamsha usiku, au yanayozidi siku hadi siku, yanapelekwa kwa daktari na unamwambia neno la kwanza kabisa kwamba ulitibiwa saratani ya titi, hata kama ni miaka 10 iliyopita.

Na kuna dalili zisizongoja wiki 2 wala siku 2. Mgongo unauma na miguu inakosa nguvu, au ganzi imeshika mapaja na sehemu za siri, au mkojo na choo vimegoma au vinatoka vyenyewe: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Uti wa mgongo unabanwa, na saa zinazopotea ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena.

Mgongo ukiuma, nikikandwa siyo nafuu?

Usikandwe kabla hujapigwa picha. Kuna mikono mizuri ya kukanda hapa mjini na mingine mimi naiamini kwa mambo mengine, lakini mgongo wa aliyetumia dawa zetu ukibonyezwa kwa magoti unaweza kuvunjika pale pale. Hata muunga mifupa hodari anajua mfupa uliovunjika kwa kipigo. Huu wetu ni mwingine.

Nile nini?

Lengo ni miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalisi kwa siku. Glasi moja ya maziwa, ile ya robo lita, ina kama miligramu 300, na mkoa wetu haukosi maziwa. Mtindi ni sawa na maziwa, tena wale ambao maziwa huwavuruga tumbo wengi wao mtindi huwakubali. Baada ya hapo ni dagaa. Dagaa wanaoliwa na vichwa na mifupa yao ni hazina, ila wale uliowachambua ukatupa vichwa na miiba umetupa ulichokuwa unakitafuta. Mimi huwakaanga wakakauka, nikawasaga kwenye kinu na ufuta, nikaweka kwenye kopo. Kijiko kimoja kinaingia kwenye mboga yoyote, hata asiyependa dagaa hajui.

Mchicha ni mboga nzuri, usiuache, lakini kalisi yake imefungwa na haichukuliwi na mwili vizuri. Chainizi inatoa zaidi. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi wapunguze, kwa kuwa chumvi nyingi hutoa kalisi kwenye mkojo. Na supu ya makongoro, ambayo kila jirani atakuletea ukivunjika: inywe, inapasha mwili joto, ni upendo wa watu, lakini kalisi iliyomo ni kidogo sana. Usiihesabu badala ya maziwa.

Ukipewa vidonge vya kalisi, usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, mwili hauchukui zaidi.

Jua la Tanga lote hili, nawezaje kukosa vitamini D?

Unaweza. Jua linafanya kazi likigusa ngozi, na sisi wengi tunatoka na buibui, au tunashinda ndani. Ngozi nyeusi na umri pia huhitaji jua la muda mrefu zaidi. Ua wako ndio msaada: ukiwa ndani ya ua wako, hakuna mgeni, kunja mikono na acha miguu wazi kwa muda ukichambua mchele au ukisuka ukili. Vibua nao wana vitamini D. Daktari akiona haitoshi atakupa vidonge, mara nyingi uniti 800 kwa siku.

Kazi za nyumbani nifanye au niache?

Fanya. Mfupa usiobebeshwa kitu hupungua haraka, na anayelazwa kitandani na wanawe "apumzike" anadhoofika kwa upendo wao. Kutembea kwa miguu kila siku, kupanda ngazi, kuinuka kitini bila kushika, kusimama kwa vidole vya miguu mara 10 ukishika fremu ya mlango, hayo ni mazoezi kamili. Wanaokaa karibu na Raskazone wana barabara nzuri ya asubuhi kando ya bahari.

Kinachodhuru ni kuinama kwa kupinda mgongo, hasa ukiwa na mzigo au unajizungusha. Fikiria mbuzi ya nazi. Umekaa chini karibu na ardhi, magoti yako juu, mgongo umejipinda kama upinde, na unasukuma mbele kwa nguvu, kifuu baada ya kifuu. Kwa mgongo mwembamba hakuna mkao mbaya kuliko huo. Siku hizi mbuzi yangu imefungwa juu ya benchi refu. Nakaa wima, nakuna nazi zangu mbili, sijaomba mtu. Ndoo igawe iwe nusu mbili, uchuchumae kwa magoti ndipo unyanyue, na mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji usiubebeshe uzito mkubwa ghafla, unaweza kuvimba. Ufagio wa chelewa ufungie mpini mrefu.

Na sala? Rukuu na sujudu hazitanivunja?

Kama hujawahi kuvunjika pingili, sala ni mazoezi mema. Rukuu iliyotimia, mgongo umenyooka na kiuno ndicho kinachokunja, ndivyo hasa wataalamu wa mazoezi ya viungo wanavyotufundisha kuinama. Shuka sujudu taratibu, mikono ikikusaidia. Aliyekwisha kuvunjika pingili au nyonga asali kwenye kiti; mgonjwa ameruhusiwa, na hajapungukiwa kitu.

Nizuieje kuanguka?

Ndala zilizosagika kisigino zitupe leo. Sakafu ya bafuni iwe na mkeka wa mpira au saruji iliyokwaruzwa, na fundi akuwekee bomba la kushika chooni. Tochi iwe chini ya mto kwa siku za umeme kukatika. Bodaboda, kama huna budi, usikae upande; ila kwa barabara za makorongo bajaji ni salama zaidi kwa mgongo.

Dawa za mifupa zenyewe ni zipi?

Inayojulikana zaidi ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Ina masharti yake, usipoyafuata inaunguza koo au haifanyi kazi. Imezwe asubuhi tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha ukae wima au usimame kwa nusu saa kamili kabla ya kula chochote. Usirudi kulala. Kidonge cha kalisi kisimezwe nacho pamoja.

Ramadhani wengi huuliza. Amka nusu saa na zaidi kabla ya daku, meza kwa maji, kaa ukisoma au ukipika, kisha ule daku yako. Mwambie daktari wako kwamba ndivyo utakavyofanya.

Kuna pia dripu ya asidi ya zoledroniki, ambayo kwa wanaotumia vidonge kama letrozoli hutolewa mara nyingi kila miezi 6. Mara ya kwanza inaweza kuleta homa na mwili kuuma siku moja mbili, mtu akadhani ni malaria. Pima malaria, lakini ujue pia hilo lipo. Dawa za jamii hii zina faida nyingine kubwa: kwa wanawake waliokoma hedhi zimeonekana kupunguza saratani kurudia mifupani. Kabla ya kuanza, figo zipimwe, na jino bovu ling'olewe kwanza, maana kung'oa ukiwa kwenye dawa kunaweza kuacha mfupa wa taya usiopona.

Sindano ya denosumabu huchomwa chini ya ngozi kila miezi 6, nayo ilipunguza kuvunjika kwa nusu katika utafiti wa wanawake waliotumia dawa kama zetu, uliochapishwa mwaka 2015. Lakini ukiianza usiiruke. Ikisimamishwa bila kubadilishiwa dawa nyingine, mfupa hushuka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo uliza kabla ya sindano ya kwanza: je, nitaweza kuipata kila miezi 6, na nani atalipa?

Nimeambiwa nitumie homoni kurudisha ujana. Na vile vidonge vya kunenepesha?

Homoni za estrojeni hapana, kwa aliyeugua saratani ya titi zinaweza kuiamsha. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, baadhi yake ni deksamethasoni, nayo ni steroidi inayokula mfupa haraka. Najua ukitoka kwenye dripu umekonda unataka watu waache kukutazama kwa huruma. Vile vidonge vinakuvimbisha uso na kukutoa mfupa.

Baba yetu ndiye aliyeugua. Haya yanamhusu?

Yanamhusu. Wanaume ni kama 1 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, na akipewa dawa za kuzuia homoni naye aulize juu ya mifupa yake.

Mama ameanguka usiku huu, tuko Pangani, hawezi kusimama. Tufanye nini?

Tazameni miguu. Mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msimwinue kwa makwapa, msimkalishe, msimkande. Wekeni mto katikati ya miguu, mfunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, juu ya magoti na chini yake, bila kukaza sana. Mbebeni juu ya godoro au ubao, watu wanne, apakiwe kwenye gari ambalo anaweza kulala, si bajaji. Asipewe chakula mpaka aonwe, huenda akahitaji upasuaji. Chukueni pakiti zote za dawa zake na daftari lake la kliniki. Na mkifika mapokezi, kabla hamjaulizwa lolote, semeni kwamba mama huyu alitibiwa saratani ya titi.